Kuokoa Kuna Alama Mbili

Jumamosi, 5 Juni 1999

Imecheza! Ramani yangu imecheza. Mashine sita, watu sita, saa mbili nzima, na haikuganda hata mara moja.

Niandike vizuri nisije nikasahau. Wiki kumi na moja nimekuwa nikiingia kituo cha kompyuta cha Mzee Abdillah saa moja asubuhi, kabla wanafunzi wangu wa kupiga chapa hawajafika, nikijenga. Mchezo wenyewe ni ule wa kulengana risasi ambao Mzee Abdillah alikuja nao kwenye sidii kutoka Nairobi, pamoja na kompyuta zake za mitumba. Wazungu waliouandika waliacha mlango wazi: mtu yeyote akitaka anaweza kuweka ramani yake na sheria zake. Hapa Mkuyuni wote walikuwa wanachezea kwenye mapango ya huko kwao. Mimi nimeweka Kigongo. Huku Kigongo, kule Busisi, maji katikati, kivuko kinakwenda na kurudi. Watatu huku, watatu kule. Anayeshika kivuko ndiye anayeshika mchezo.

Siri ambayo sijamwambia mtu: kivuko changu ni lifti! Mchezo ulikuja na lifti ya kupanda na kushuka, nami nikaiambia iende mlalo. Nikaipaka rangi, nikaiwekea lango la kushushia magari, basi — kivuko.

Seif alikuwa upande wa Busisi. Ni fundi wa magari wa Igoma, mikono haiishi grisi, lakini akishika mausi hakuna anayemweza mji huu. Leo Hellen wa kiwanda cha minofu kamdungua mara nne akiwa kivukoni. Mzee Abdillah alifunga duka lake la vipuri vya redio pale mbele, akaja kusimama nyuma yetu na kikombe cha chai mpaka kikapoa.

Mwishoni Seif akauliza: Madamu, pantoni ikipigwa makombora mangapi inazama? Nikasema haizami. Akasema kila kitu kwenye mchezo huu kinavunjika, pantoni ina nini? Nikarudia, haizami. Wote wakaongea kwa pamoja.

Mzee Abdillah katoa daftari kubwa, kaliweka kaunta. Mwenye maoni aandike. Asipige kelele, tunasikika mpaka barabarani.


Jumatatu, 7 Juni

Kurasa tano! Kwa siku moja na nusu!

Seif anasema kivuko kinakwenda polepole mno, mtu anaota mvi akisubiri. Nimemjibu kwa kalamu nyekundu kwamba cha Kigongo ndivyo kinavyokwenda, na ule muda wa kusubiri ndio unaotia hofu. Ukikiona kinakuja na hujui nani yumo, moyo unadunda. Kikienda mbio hofu hiyo haipo.

Mwingine anataka bunduki ya darubini juu ya mawe. Nimekataa. Mtu mmoja akikaa jiweni na darubini, watano waliobaki waende nyumbani.

Hellen anataka anayekufa asirudi papo hapo. Asubiri kivuko kifike ng'ambo kwanza, ndipo aingie. Hili zuri! Nimeliweka leo leo mchana.

Na watu wanane wanataka kivuko kizame, wengine bila kuweka jina. Nimehesabu. Sikuwajibu.


Alhamisi, 10 Juni

Wananiuliza sababu. Kama vile hawaijui.

Mei ya tisini na sita nilikuwa kidato cha tano hapa mjini. Mimi kwetu Bukoba. Meli ile ya Bukoba ilipozama, hapakuwa na Mhaya wa Mwanza ambaye hakuwa na mtu ndani, au mtu wa mtu wake. Nyumbani kwetu hakufa mtu. Lakini mtaa wa shangazi ulikuwa na turubai tatu za msiba kwa wakati mmoja, na mimi ndiye niliyekuwa nikizunguka na sufuria za uji. Sasa niketi hapa na akili zangu, nitengeneze chombo cha kuzama ili watu washangilie? Hapana.

Nimeandika kwa herufi kubwa: KIVUKO HAKIZAMI. MJADALA UMEFUNGWA.


Jumamosi, 12 Juni

Haujafungwa.

Seif kanung'unika mchana kutwa. Hellen kamwambia aheshimu, yeye akasema anaheshimu ila mchezo ni mchezo. Wakarushiana maneno. Nikajifanya natengeneza printa.

Jioni, wakati wa kufunga, nikafungua daftari. Kumbe Mwalimu Alexander kaandika. Huyu anafundisha hisabati sekondari. Mtu mkimya, huja wa mwisho, hucheza upande wa Busisi sikuzote, na hajawahi kutoa maoni yoyote juu ya chochote. Nanakili:

“Mimi ni mmoja wa wale wanane. Nadhani Madamu anakataa kwa ajili ya watu kama mimi. Namshukuru. Lakini asikatae kwa ajili yangu.”

Chini kaweka sahihi kamili, kama anasaini ripoti ya shule. Nimeisoma mara tatu.


Jumapili, 13 Juni

Baada ya misa nilimsubiri Mwalimu Alexander nje.

Tukatembea hadi karibu na maji. Akanieleza bila kuulizwa. Dada yake, Paskazia, alikuwa anakuja kumtembelea. Alikuwa na tiketi ya wiki iliyofuata, akaibadilisha awahi. Yeye Alexander alikwenda kumpokea bandarini asubuhi na akakutana na habari pale pale.

“Siku tatu nilisimama pale mikono mfukoni,” akasema. “Wenye mitumbwi wanakwenda, wanarudi. Mimi hata kasia sijui kushika. Kivuko chako kisichozama, Justa, ni uongo, na kila anayekaa kwenye mashine anajua ni uongo. Kizamishe. Halafu unipe kitu cha kufanya.”

Nikasema nitafikiri. Jibu la kijinga gani hilo.

Unipe kitu cha kufanya. Nimekuwa nayo kichwani siku nzima, hata nikipepeta mchele.


Jumanne, 15 Juni

Nimepata!

Mchezo ulivyokuja, mtu akitumbukia majini ana sekunde kumi na mbili za pumzi. Zikiisha, kafa. Wenzake wanaweza kusimama ukingoni na kumtazama, basi. Hakuna kitufe cha kufanya lolote. Yaani aliyeuandika hakuwahi hata kufikiria.

Na kila mchezaji anaanza na shoka. Shoka halitumiwi na mtu, wote wanakimbilia bunduki. Basi naliondoa. Mahali pake naweka boya lenye kamba. Unalirusha, likimgusa aliye majini unamvuta.

Kumuua mtu ni alama moja. Kumwokoa mwenzako, alama mbili.

Nimefuta yale maandishi yangu makubwa, nimeandika: Kivuko kitazama. Mjadala umefunguliwa.


Alhamisi, 17 Juni

Mashine imeganda mara tisa. Kivuko kinashuka wima kama ndoo kisimani — si ni lifti! Hakiinami. Kinachekesha, na hiki si kitu cha kuchekesha. Wanafunzi wamekaa mikono mapajani wakinitazama. Mzee Abdillah kaniuliza kwa upole kama bado nimeajiriwa naye.


Jumatatu, 21 Juni

Mwalimu Alexander alikuja saa ya chakula na karatasi za grafu. Nilikuwa nimemweleza tatizo juu juu tu siku ya Jumamosi, sikujua kalibeba nyumbani.

Akasema lifti moja haiwezi kuinama, sawa. Lakini lifti sita nyembamba, zikipangwa ubavu kwa ubavu, kila moja ikianza kushuka kidogo baada ya mwenzake, jicho litaona chombo kimoja kinacholala upande. Kila ubavu alikuwa ameuandikia sekunde zake, mpaka desimali mbili.

Nikaingiza hesabu.

Kimeinama! Polepole, upande mmoja kwanza, kisha maji yakapanda sitahani. Alitazama mpaka kikafunikwa. Halafu akasema nipunguze mwendo wa ule ubavu wa tatu, unawahi, akachukua chaki zake akaenda kufundisha kipindi cha saa nane.


Jumamosi, 26 Juni

Siku mbaya. Mbaya kabisa.

Seif, leo akiwa upande wa Kigongo, aliliona boya, akacheka mpaka akalaza kichwa kwenye kibodi. Madamu, hii ni vita au Msalaba Mwekundu? Hilo ningelimeza. Lakini dakika kumi baadaye kagundua ujanja. Adui akiwa majini, hamuui. Anamwacha hai, anakaa na bunduki, anangoja wenzake waje kumvuta, ndipo anawamaliza wao. Mmoja mmoja. Kapiga sita mfululizo, wawili wawili kwa kila aliyekuwa anazama.

Hellen akaweka mausi chini taratibu, akasema hivi ndivyo mlivyo, akachukua mkoba wake akaondoka. Wengine watatu wakamfuata. Seif akabaki anauliza kafanya kosa gani, sheria si inaruhusu?

Inaruhusu. Niliitunga mimi.

Mwalimu Alexander alicheza mpaka mwisho. Alikwenda na boya kila mara, na kila mara Seif alimpiga.


Jumapili, 27 Juni

Sikwenda kanisani. Nimefua, huku nafikiri.

Nikipiga marufuku kumpiga mwokoaji, watazunguka. Watajificha nyuma ya wenye maboya, itakuwa vurugu nyingine. Na nani atasimama kuhukumu, mimi na filimbi? Makatazo hayafai. Inabidi Seif mwenyewe, kwa faida yake mwenyewe na roho yake ile ile, atamani yule mtu atoke majini mzima.

Shati la tatu nikiwa nalisuuza — nikasimama na povu mikononi.

Unayemvuta awe wako! Mwenzako au adui, ukimtoa majini una alama mbili na yeye anageuka rangi yako, yuko upande wako mpaka raundi iishe. Sasa anayezama si chambo. Ni askari anayeelea, wa kwanza kumfikia kamchukua. Ukikaa na bunduki unangoja, mwenzio wa upande wa pili anakuja na boya anaondoka naye.

Nimeandika hili nyuma ya bahasha nikiwa nimelowa mpaka kiunoni. Shangazi anadhani nina homa.


Jumatano, 30 Juni

Mistari kumi na minne. Siku nne za kuumia kichwa, na jibu ni mistari kumi na minne.

Nilipita kiwandani kwa Hellen saa ya mapumziko. Alikuja getini na gambuti zake. Nikamwomba arudi Jumamosi, mara moja tu. Akasema atakuja kwa ajili yangu, si kwa ajili ya Seif.


Jumamosi, 3 Julai

Nacheka peke yangu hapa mezani.

Seif alianza na ujanja wake. Mtu wa Hellen yuko majini, Seif kalala nyuma ya tairi la lori na bunduki, anangoja. Hakuona kwamba nyuma yake mwenzake mwenyewe kateleza kutoka kivukoni. Hellen akaona. Hakumpiga. Akakimbia ukingoni, akarusha boya, akamvuta mtu wa Seif, mtu akageuka kijani, rangi ya Hellen, pale pale — na hakufikiri mara mbili. Akamtandika Seif mgongoni.

Seif akageuka kwenye kiti, akamtazama yule aliyempiga, rafiki yake wa gereji, wamekuja kwa baiskeli moja. Kisha akacheka mpaka akakaa sakafuni. Rafiki yake naye akakaa chini. Hellen alikuwa anajaribu kununa, akashindwa.

Baada ya hapo hakuna aliyekaa na bunduki kungoja. Wote mbio ukingoni! Watu wanagombania kuokoa. Mwalimu Alexander kavuta wanne kwa raundi moja, wawili wao maadui. Alama nane. Sijawahi kumwona akiongoza chochote.

Seif kaandika daftarini kwa mwandiko wake wa kupinda: “Nafuta niliyosema. Sasa huu ndio mchezo.”

Nitaikata hiyo karatasi niiweke kwenye fremu? Hapana. Ikae daftarini wote waione.


Jumatatu, 19 Julai

Bahasha kutoka Dar!

Mzee Abdillah alipokwenda kufuata vipuri mwanzoni mwa mwezi alibeba ramani yangu kwenye flopi nne, akaiacha kwenye chuo kimoja cha kompyuta. Hakuniambia. Leo wamemtumia fotokopi ya daftari lao wenyewe. Kurasa kumi na moja! Nao wameanzisha daftari!

Hellen alizisoma kwa sauti akiwa amekaa juu ya kaunta. Watu ambao sijawahi kuwaona wanabishana kuhusu mwendo wa kivuko changu. Mmoja anasema kiongezwe kasi, mwingine kamjibu kwa nusu ukurasa kwamba asiyeweza kusubiri kivuko hajui mchezo ni nini. Karibu maneno yangu yale yale! Mwingine anauliza kwa nini hakuna bunduki ya darubini, halafu chini yake mtu kaandika, kaa chini ufikiri utajua kwa nini. Na kila mahali wananiita “huyu jamaa.” Jamaa katumia akili. Jamaa atakuwa mtu wa maji huyu. Seif alikuwa anajipigapiga mapaja.

Mwisho wa ukurasa wa kumi na moja: wanakuja. Watu watatu, sikukuu ya Nane Nane, kupimana nguvu na Mwanza.

Mzee Abdillah kaenda kununua soda za watu wote, akarudi akanikabidhi ya kwangu kwa mikono miwili.


Ijumaa, 6 Agosti

Wamefika na treni, macho mekundu. Nahodha wao anaitwa Malimi. Jina la Kisukuma, lakini kazaliwa Kariakoo na Kisukuma chake hakifiki salamu ya pili. Aliingia akaomba kuonana na aliyetengeneza Kigongo. Nikasema ni mimi. Akatazama nyuma yangu, kisha akanitazama tena. Namsifu kwa jambo moja — aliomba radhi upesi, na aliona aibu kwelikweli.

Lakini akaleta sharti. Mechi ya kesho ni ya heshima, kwa hiyo ile sheria ya kugeuka rangi iondolewe. Mtu hawezi kusafiri siku mbili kuja kulazimishwa kuwapiga wenzake.

Nilikuwa nafungua mdomo. Seif akawahi.

“Kaka, hapa ukivutwa umevutwa,” akasema. “Hutaki, usianguke.”

Seif! Malimi akatazama wenzake, wakainua mabega. Wamekubali.


Jumamosi, 7 Agosti

TUMESHINDA.

Ngoja nianze mwanzo. Watu walijaa mpaka barabarani. Mzee Abdillah alitoa madirisha kwenye fremu zake ili walio nje waone. Sisi: Seif, Hellen, Mwalimu Alexander, rangi ya kijani, Busisi. Wao nyekundu, Kigongo. Raundi tatu.

Ya kwanza walituchapa. Malimi ana haraka kama umeme, na wenzake wanajua kujipanga. Alama kumi na nane kwa tisa. Nilitaka kuingia chini ya meza.

Ya pili Hellen aliibeba. Hakufyatua risasi hata kumi. Alikuwa kila mahali na boya — wenzake, maadui, chochote kilichoelea alikivuta. Dakika ya mwisho Dar ilikuwa imebakiwa na mtu mmoja na sisi tulikuwa watano. Mama mmoja muuza ndizi dirishani akawa anaelekeza kwa kidole, yule pale, yule pale.

Ya tatu. Sekunde thelathini zimebaki, wao kumi na tano, sisi kumi na nne. Kivuko kiko katikati, kikapigwa, kikaanza kulala. Malimi yumo. Akateleza, akaingia majini karibu na ukingo wetu. Seif amesimama pale pale juu yake na bunduki mkononi. Risasi moja, alama moja, tunatoka sare na mabingwa wa Dar. Hakuna ambaye angemlaumu.

Akaweka bunduki. Akatoa boya.

Risasi za Dar zinalia pembeni yake. Hellen akawa anawabana nyuma ya malori wasitoe kichwa. Mrusho wa kwanza boya likapita juu. Nilishika mkono wa mtu, sijui wa nani. Kulivuta lirudi ni sekunde tatu, hiyo nayo niliichagua mimi, nikaijutia. Akarusha mara ya pili, likagusa.

Malimi akatoka majini kijani. Kumi na sita kwa kumi na tano. Saa ikaisha.

Kelele iliyopigwa nadhani walioko Busisi yenyewe wameisikia. Mzee Abdillah alikumbatia printa. Nilinyanyuliwa na kiti changu, mimi na kiti, nikagonga taa. Mwalimu Alexander alikuwa bado amekaa, mikono imelala kwenye kibodi, anatabasamu kwa skrini.

Malimi alikaa kitambo akijitazama alivyo kijani. Kisha akainuka, akampa Seif mkono, akauliza kwa dhati kabisa:

“Sasa mimi nimeshinda au nimeshindwa?”

Tulipofunga walikuwa wameshajaza kurasa nne za daftari juu ya swali hilo, Dar na Mwanza wamechanganyika, na mkali kuliko wote upande wa “ameshinda” ni Seif.

Nimechoka. Nina nundu ya taa. Sijapata kufurahi hivi.


Jumapili, 8 Agosti

Sikukuu, lakini tumefungua. Watu wa Dar treni yao ni jioni na hawataki kwenda popote zaidi ya hapa. Naandika nikiwa kaunta, saa tisa alasiri.

Saa nane Mwalimu Alexander alifika na mama yake. Mama Bernadeta, amekuja kutoka Bukoba jana. Kwa basi. Meli hapandi tangu wakati ule. Anazunguka Biharamulo na Geita, siku nzima na zaidi, anavuka Busisi. Alexander alikuwa amepita tu kuchukua karatasi zake, akamwomba mama asubiri nje kivulini. Hakusubiri. Aliingia nyuma yake. Sisi sote tukasimama, shikamoo mama, akaitikia mmoja mmoja, marahaba, marahaba, na kila mashine ilikuwa inaendelea.

Kwenye skrini ya Seif kivuko kilikuwa kimeanza kuinama.

Seif aliona anachotazama mama. Akanyoosha mkono akazima sauti. Nilitaka kuchomoa waya. Alexander akatikisa kichwa kidogo, nikaacha.

Mama akasogea.

“Hii si ndiyo pantoni niliyovuka jana?”

“Ndiyo, mama.”

“Inazama.”

“Inazama,” Alexander akasema. “Lakini tunawatoa.”

Mama akaomba aoneshwe. Mwanawe akakaa, akachukua nafasi ya Seif. Akarusha boya, akamvuta mmoja. Akamvuta wa pili. Watu watano waliobaki kwenye mashine walikuwa wanajitupa majini wenyewe, najua, niliwaona, Malimi wa kwanza. Hakuna aliyepiga risasi. Alivuta kadiri alivyoweza. Wa mwisho hakumfikia, sekunde ziliisha.

Mama alikuwa ameshika mgongo wa kiti. Akauliza kwa nini kila mtu ana boya moja tu.

Nikamjibu kama ninavyowajibu wote, kwamba yakiwa mengi mchezo unakuwa rahisi mno. Nilitamani kulirudisha neno kabla halijaisha. Hakukasirika. Akasema sawa, ila ana la kusema juu ya hilo, na juu ya ile kamba pia, na anayepanga mambo haya ni nani? Mzee Abdillah akanyoosha kidole kwangu. Kisha kwenye daftari. Mwenye maoni anaandika hapo, dada, wote tunaandika hapo.

Akaomba kalamu.

Amekaa kwenye kiti changu. Ameazima miwani ya Mzee Abdillah. Anaandika pole pole, herufi kubwa za shule ya zamani, na kila mstari anaurudia kwa midomo. Malimi amesimama na begi begani, wenzake nyuma yake. Hellen kawafukuza waliokuwa wanachungulia. Alexander yuko mlangoni, ametupa mgongo, anatazama barabara.

Mimi naandika hapa ili nisionekane ninamsubiri. Ukurasa umejaa. Amelowesha kidole, anafungua mwingine.